Upepo Usio na Daftari

Saa tisa alasiri, msimu wa mavuno ya mpunga, mwanamke wa Kharumwa husimama uani na kuinua ungo usawa wa bega. Huumimina mpunga polepole juu ya turubai. Upepo ukiwa wa kiasi, punje nzito huanguka miguuni pake na pepe huruka pembeni. Ukizidi, punje nazo huanza kuondoka, naye husogea nyuma ya nyumba. Ukikata, huteremsha ungo, huketi, husubiri. Anajua ni saa ngapi upepo wa maeneo hayo husimama vizuri, ni mwezi gani husumbua, na ni upande gani wa kaya usiofaa kabisa kupepetea. Hajawahi kuyaandika, kwa sababu hakuna aliyemwuliza.

Kharumwa ni makao makuu ya wilaya ya Nyang'hwale, katika mkoa wa Geita uliozaliwa mwaka 2012. Ni nchi ya mpunga, pamba, ng'ombe na dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu, upande wa Shinyanga, hauko mbali, na wachimbaji wadogo wametoboa ardhi kila pembe. Sasa aje mhandisi atake kujua kama upepo ule unaopepeta mpunga unaweza pia kuzungusha mtambo wa umeme. Atatafuta vipimo. Atavikuta Mwanza, kwenye uwanja wa ndege ulio kandokando ya Ziwa Victoria, ambako ziwa lenyewe hupumua: mchana hupuliza kuelekea nchi kavu, usiku pumzi hurudi majini. Atavikuta Shinyanga, kwenye tambarare yenye tabia zake. Kharumwa si Mwanza wala si Shinyanga. Akikata tamaa ya vituo atafungua kompyuta na kuchota takwimu za ERA5, modeli ya kituo cha utabiri cha Ulaya inayoijenga upya hali ya hewa ya dunia nzima tangu mwaka 1940. Modeli hiyo huigawa dunia katika miraba yenye upande wa kilomita 31 hivi. Ndani ya mraba mmoja huingia mji, vijiji, mbuga, vilima na maduara, yaani mashimo ya wachimba dhahabu, vyote vikapewa upepo mmoja.

Mhandisi atadhani ana tatizo la vifaa. Analo pia tatizo la zamani kuliko vifaa: mtu mwenye ushahidi haba ana haki ya kuamini kiasi gani? Na akikosea, hasara ni ya nani? Wanafalsafa na wanazuoni wamelivuta swali hili huku na huku kwa karne nyingi, na ni vigumu kupata mahali panapofaa kuliuliza kuliko ukanda wa dhahabu, ambako maelfu ya watu hulijibu kila siku kwa sururu.

Kwanza ieleweke kwa nini upepo ni shahidi mgumu. Nguvu yake haiongezeki sambamba na kasi. Kasi ikizidi mara mbili, nguvu huzidi mara nane. Kwa hiyo wastani, namba ambayo kila mtu huiomba kwanza, karibu haisemi kitu. Chukua sehemu mbili zenye wastani uleule wa mita 4 kwa sekunde. Ya kwanza upepo wake ni 4 usiku na mchana, bila kubadilika. Ya pili nusu ya saa zote ni shwari kabisa na nusu nyingine ni mita 8. Kwenye karatasi ya wastani ni mapacha. Kwenye nguvu, ya pili ina mara nne ya ile ya kwanza. Ndiyo maana wahandisi huazima mkunjo wa Mswidi Waloddi Weibull, aliyeutangaza mwaka 1951 akiwa na habari za kuvunjika kwa vyuma kuliko za hewa, ili waone saa za shwari ni ngapi na saa za nguvu ni ngapi. Mama mwenye ungo angewaambia jambo hilo bila mkunjo: hapepeti wastani, anapepeta upepo wa saa tisa.

Kisha kuna urefu. Kituo cha hali ya hewa hupima mita 10 kutoka ardhini, na mtambo mkubwa husimama mita 80 au zaidi. Mhandisi asiye na mlingoti mrefu wa kupimia hupandisha namba kwa hesabu, na hesabu hiyo ina kipeo kimoja ambacho mara nyingi huchaguliwa kwa mazoea. Akitumia kile cha vitabuni, sehemu moja ya saba, upepo wa mita 4 chini huwa mita 5.4 kule juu. Akisema hapana, hapa kuna miti na majumba, ngoja tutumie robo, upepo uleule huwa 6.7. Tofauti inaonekana ndogo mpaka uipandishe kwenye nguvu: ya pili ni karibu mara mbili ya ya kwanza. Hakuna pumzi ya ziada iliyovuma Kharumwa. Kilichobadilika ni chaguo la mtu aliyeketi ofisini, na juu ya chaguo hilo mtu mwingine anaweza kujenga maombi ya mkopo.

Na hewa yenyewe ni nyepesi huku. Nyanda hizi ziko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na kwa joto lake, upepo wa hapa hubeba nguvu pungufu kwa zaidi ya sehemu moja ya kumi ukilinganishwa na upepo wa kasi hiyohiyo pwani. Mwuza mitambo hana haraka ya kulisema hilo.

Wachimbaji wa ukanda huu wanaijua vizuri hali ya kubahatisha juu ya kitu kisichoonekana. Duara hufunguliwa kwa dalili: rangi ya udongo, jiwe lililookotwa na mchunga ng'ombe, habari ya jirani aliyepata mbale nzuri. Lisemwalo lipo, watu husema, na kama halipo laja; kwa msemo huo huo kijiji kizima huhamia porini wiki moja baada ya uvumi wa rashi, yaani dhahabu mpya inayokimbiliwa. Shinyanga ina mtakatifu wake wa imani hii. John Williamson, mjiolojia kutoka Kanada, alihangaika miaka mingi na homa na madeni akitafuta chanzo cha almasi, na mwaka 1940 akakipata Mwadui. Hadithi yake husimuliwa kama ushahidi kwamba mwenye kuamini hupata.

Cicero, mwandishi wa Kirumi, ana jibu la miaka zaidi ya elfu mbili kwa hadithi za namna hiyo. Anasimulia juu ya Diagoras, mtu aliyetuhumiwa kutoamini miungu, alivyooneshwa katika hekalu la Samothrace picha za mabaharia waliosali wakati wa dhoruba na kuokoka. Diagoras akauliza ziko wapi picha za wale waliosali wakazama. Ukitembea katika miji ya dhahabu utaona gesti na maghorofa ya waliotoboa. Wasiotoboa hawajengi kitu ambacho mpita njia angekiona.

Uhandisi wa madini ulilijua kosa hili kwa njia ya uchungu. Mwaka 1951, Danie Krige, mhandisi wa Afrika Kusini, aliandika juu ya migodi ya Witwatersrand akionesha kwamba sampuli chache zenye dhahabu nyingi huahidi zaidi ya kile mwamba utakachotoa, kwa sababu sampuli nzuri mno huwa na bahati ndani yake. Mfaransa Georges Matheron akaigeuza kazi yake kuwa tawi la hisabati, na njia yake ya kukadiria akaiita kwa jina la Krige. Leo hesabu hiyohiyo hutumika kuchora ramani za upepo kati ya kituo na kituo. Tena sekta ya madini ikaenda mbele zaidi ya hapo: ikatunga ngazi za ujuzi. Dhahabu ambayo mchorongaji hajaifikia vya kutosha huandikwa kuwa imekisiwa. Mashimo yakiongezeka husemwa imeashiriwa. Yakiwa karibukaribu ndipo huitwa iliyopimwa. Baada ya kashfa ya Busang, Indonesia, mwaka 1997, ambapo kampuni ya Kanada iitwayo Bre-X iliwauzia watu dhahabu isiyokuwapo, kanuni za kutaja ngazi hizo zilikazwa kuwa sheria. Kwenye upepo, mwanasiasa jukwaani bado anaweza kusema nchi ina upepo mwingi, asiulizwe umekisiwa au umepimwa.

Miaka mia moja na arobaini na kitu iliyopita Mwingereza W. K. Clifford alilipa swali hili sura ya maadili. Katika insha yake ya mwaka 1877 juu ya maadili ya kuamini, anasimulia kisa cha mwenye meli aliyejua chombo chake kimechakaa, akajituliza moyo kwamba kimevuka salama mara nyingi, akakiruhusu kiondoke na wahamiaji ndani. Kilipozama, akachukua pesa ya bima. Clifford anamhukumu kwa kuamini bila haki, na kisha anaongeza jambo linalouma: hata kama meli ingefika salama, hatia yake ingekuwa ileile. Kwake, ni kosa siku zote, kila mahali na kwa kila mtu, kuamini jambo kwa ushahidi usiotosha.

Msomaji wa starehe atasema ni ukali wa kupita kiasi. Msomaji wa Shinyanga ana sababu ya kusita kabla ya kusema hivyo. Katika nchi ya Wasukuma, kwa miaka mingi, vikongwe waliuawa kwa mapanga wakidaiwa kuwa wachawi, na mojawapo ya dalili zilizotajwa ilikuwa macho mekundu. Macho hayo yalikuwa dalili kweli, ila ya moshi. Mwanamke aliyepika nusu karne kwa kuni mbichi, mabua ya pamba na samadi kavu, ndani ya jiko lisilo na dirisha, hubaki na macho ya rangi hiyo. Kilichokuwa taarifa ya upungufu wa nishati kilisomwa kama taarifa ya uchawi. Vivyo hivyo imani kwamba viungo vya watu wenye ualbino huita dhahabu au bahati ilileta mauaji katika ukanda huuhuu wa ziwa, mpaka Januari 2015 serikali ikapiga marufuku wapiga ramli. Hakuna aliyeweza kudai kwamba anachoamini ni siri yake na Mungu wake. Dalili ikisomwa vibaya kuna mwili wa mtu mwisho wa safari.

Pamoja na hayo, Clifford akifuatwa neno kwa neno, Kharumwa haitapanda hata mpunga. Mvua nayo haina yakini. Kitabu cha Mhubiri, sura ya 11, kina onyo kwa mkulima wa aina hiyo: yule anayekaa akiutazama upepo, angoje utulie ndipo atupe mbegu, mpaka msimu unampita. William James wa Marekani alimjibu Clifford mwaka 1896 kwa hoja iliyo karibu na hiyo. Yako mambo, alisema, ambayo hayawezi kungoja, na kutochagua ni kuchagua tayari. Hapo mtu ana haki ya kuamini kabla ushahidi haujatimia. Hoja ni nzuri, lakini ina mlango mpana mno: mwenye meli wa Clifford naye angeweza kupita humo akijiita jasiri.

Njia iliyo bora, kwa maoni ya mwandishi huyu, iko kwenye fikihi, elimu ya sheria za Kiislamu, na kila Mwislamu aliyewahi kusafiri porini anaijua. Msafiri ambaye wakati wa sala umemfikia naye hajui kibla hasamehewi kibla hicho, wala haruhusiwi kuahirisha sala mpaka apate mwenyeji. Hutazama jua, nyota, na dalili nyingine alizo nazo. Akijitahidi mpaka moyo uegemee upande mmoja, huelekea huko na kusali. Wanazuoni wengi husema sala hiyo ni sahihi hata ikibainika baadaye kwamba alikosea. Anayesali upande wowote bila kujitahidi, huku dalili zikiwa mbele yake, hana udhuru huo. Nyuma ya hukumu hii kuna mizani ya maneno ambayo Kiswahili kiliyapokea na kuyalegeza: yakini, ambayo haina tundu, dhana, ambapo upande mmoja umeelemea, na shaka, ambapo pande mbili ziko sawasawa. Dhana yenye nguvu inatosha kutenda. Lakini haijageuka yakini kwa sababu tu mtu ameitendea kazi, na dalili mpya ikitokea katikati ya sala, msafiri hugeuka papo hapo. Mhandisi mwenye vipimo haba yuko mahali pa msafiri huyo, na wajibu wake ni mgumu kuliko wa Clifford na mgumu kuliko wa James: ajitahidi, atende, na abaki tayari kugeuka.

Kuna tahadhari moja zaidi, na Nyangalata inaitoa vizuri kuliko kitabu. Oktoba 2015, katika machimbo hayo ya wilaya ya Kahama, kifusi kiliwafukia wachimbaji sita. Siku zilipita, wiki zikapita, na wengi wakakata tamaa. Siku ya 41 watano walitolewa wakiwa hai. Walikuwa wamejilisha mizizi na wadudu gizani. Mmoja wao alifariki baadaye hospitalini. Ukimya uliokuwa juu ya shimo lile ulichukuliwa kuwa habari ya kifo, kumbe ulikuwa ukimya tu. Ramani ya upepo ina ukimya wa namna hiyo: mahali pasipo na kipimo hupakwa rangi iliyofifia, na jicho la mtu huisoma rangi hiyo kama "hakuna upepo", kumbe maana yake ni "hakuna aliyesikiliza".

Tuseme basi kwamba mlingoti umesimama Kharumwa na mwaka mmoja umeandikwa. Mtambo hudumu miaka 20. Kwa haki gani mwaka mmoja uliopita usemee ishirini ijayo? Wahandisi huulinganisha mwaka huo na rekodi ndefu za modeli au za kituo cha jirani, waone kama ulikuwa mkali au mpole kuliko kawaida, kisha hurekebisha. Lakini chini ya urekebishaji huo limelala dai kwamba kesho itafanana na jana, na David Hume alikwisha kuonesha karne ya 18 kwamba dai hilo haliwezi kuthibitishwa bila kulitumia lenyewe.

Shinyanga inalifanya swali la Hume kuwa la udongo. Huku miti ilifyekwa kwa makusudi ili kuwaondoa mbung'o, ikafyekwa tena kwa ajili ya pamba, mpaka mkoa ukaitwa jangwa la Tanzania. Mwaka 1986 ukaanza mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ambao ulifanikiwa pale ulipoacha kuwafundisha Wasukuma na kuanza kuwasikiliza: ukafufua ngitili, desturi ya kutenga malisho yasiguswe hadi kiangazi kikali. Mamia ya maelfu ya hekta yalirudi kuwa vichaka na miti, na mwaka 2002 mradi ukapata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa. Ni habari njema kwa kila mtu isipokuwa anayetegemea vipimo vya upepo vya miaka ya 1970. Miti huukwaruza upepo na kuupunguza karibu na ardhi. Nchi iliyopimwa wakati ule si nchi iliyopo sasa, ingawa jina na ramani ni vilevile.

Pia ngitili ni hoja dhidi ya John Mbiti. Mwanateolojia huyo wa Kenya aliandika mwaka 1969 kwamba wakati wa Mwafrika una Sasa na Zamani, na wakati ujao ni mfupi mno. Wengi wamempinga kwa nadharia. Mfugaji wa Shinyanga anayelinda nyasi asizozihitaji leo anampinga kwa ua wa miiba.

Na je, vipimo vizuri vyatosha? Singida inasema hapana. Kititimo, mkoani humo, palipimwa na kutajwa wastani wa mita 9.9 kwa sekunde kwa urefu wa mita 30, na Makambako mita 8.9. Ni namba kubwa hata kwa vigezo vya dunia. Mwanafunzi wa Krige angeuliza mlingoti ulisimama kwenye tuta gani, na kwa miezi mingapi. Mipango ya mitambo ya megawati 50 na 100 ilitangazwa Singida kwa miaka mingi. Hata hivyo mitambo ya kwanza ya upepo kuingiza umeme kwa mizani ya kibiashara nchini ilisimama kwingine, Mwenga wilayani Mufindi, mwaka 2020: mitatu tu, megawati 2.4 kwa jumla. Haikuwa na kelele, na iliungana na kampuni ambayo tayari ilikuwa ikizalisha umeme wa maji na kuusambaza vijijini. Walioijenga walikuwa na wateja kabla ya kuwa na mapangaboi.

Loiyangalani, kaskazini mwa Kenya, inasema jambo jingine. Wazo la mitambo ya Ziwa Turkana hutajwa kutoka kwa Mholanzi aliyekwenda huko kuvua na hema lake likamsumbua kwa upepo. Yaani dalili ya kwanza ilikuwa kamba za hema. Baadaye vikaja vipimo, mikopo, na mitambo 365 yenye megawati 310, ambayo ilikaa kimya ikingoja nyaya za umeme hadi mwaka 2018 huku mlipa kodi wa Kenya akitozwa faini ya kuchelewa. Wafugaji wa pale walijua upepo ule kabla babu wa babu wa Mholanzi hajazaliwa. Wakajua kujenga vibanda vya kuinama chini yake. Ujuzi wao haukuhesabiwa kuwa takwimu, na ardhi yao ilichukuliwa kwa utaratibu ambao mahakama ya Meru iliutangaza kuwa haramu mwaka 2021. Mradi umezalisha umeme mwingi na safi. Yote mawili ni kweli, na ripoti ya upepo haina safu ya kuandika lile la ardhi.

Hapo, kwenye kuuliza hasara ni ya nani, ndipo swali la Kharumwa linapojibika, angalau kwa sehemu. Tuseme mwenye karasha, mashine ya kusaga mawe ya dhahabu, ananunua mtambo mdogo wa upepo wa kuwashia taa usiku. Ana dhana tu: karasha lake liko kwenye mwinuko, vumbi huruka. Amevunja sheria ya Clifford, na hakuna haja ya kumsumbua. Mtambo usipozunguka ataketi gizani yeye mwenyewe, atautukana, atauuza. Tuseme mtambo uleule, kwa dhana ileile, unafungwa kwenye zahanati kuendesha jokofu la chanjo. Hewa ni ileile, mapanga ni yaleyale, ushahidi haujapungua hata punje. Lakini sasa anayelipa ni mtoto aliyeletwa siku ambayo chanjo zimeharibika, naye hakuulizwa. Kiasi cha ushahidi kinachotosha hakipimwi kwa ushahidi peke yake. Hupimwa pia kwa umbali kati ya anayeamua na anayeumia. Mkopo wa taifa uko mbali zaidi ya zahanati, maana baadhi ya watakaoulipa hawajazaliwa.

Kuna uaminifu pia katika kukubali kwamba jibu linaweza kuwa "si upepo". Kishapu, mkoani Shinyanga, serikali ilianza mwaka 2023 kujenga mitambo ya umeme wa jua ya megawati 150, awamu ya kwanza megawati 50. Jua halina tuta wala kivuli cha miti kama upepo. Kipimo cha setilaiti kikisema liko, liko. Anayelipenda pangaboi kwa uzuri wake, na watu hao wapo, huona uchungu kidogo hapa. Kinachoutetea upepo ni kwamba katika sehemu kubwa ya bara la Tanzania huongezeka kiangazi, wakati mabwawa yanashuka. Utafiti wa R. M. R. Kainkwa wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam juu ya Basotu, uliochapishwa mwaka 2000, ulielekeza huko. Kama Kharumwa nayo iko hivyo, bado ni jambo la kukisiwa.

Kulitoa kwenye kukisiwa kunahitaji mlingoti mmoja na miezi 12 isiyokatika. Atakayepima kuanzia Novemba hadi Aprili ataukuta upepo wa mvua na kuudharau. Atakayepima kuanzia Juni hadi Oktoba ataukuta wa kiangazi na kuusifu kupita kiasi. Anayepima asiwe anayeuza mitambo. Na kile kitakachopatikana kikae halmashauri, mahali ambapo mwalimu wa sekondari na mwanafunzi wake wanaweza kukisoma, tofauti na ilivyozoeleka kwa wawekezaji ambao huondoka na vipimo kwenye begi mradi ukifa. Benki ya Dunia imeweka hadharani vipimo vya milingoti ya nchi kadhaa; kufanya hivyo hakuhitaji muujiza.

Kurasa za mwanzo za daftari la upepo wa Kharumwa zingeweza kuandikwa hata kabla mlingoti haujafika, kwa kalamu, katika kaya ishirini zenye nyungo. Kwanza aulizwe mama ni saa ngapi huanza kupepeta. Kisha ni mwezi gani huacha. Kisha ni nyumba gani ile anayosogea nyuma yake, na ilijengwa lini.